Kwa nini kamba wa eafraya hupauka nje na kukakamaa ndani

Waulize watu watano namna ya kupika kamba kwenye eafraya, yaani kikaangio cha hewa, utapata majibu matano yasiyopatana. Mmoja atasema nyuzi 200 kwa dakika tano. Mwingine nyuzi 180 kwa dakika kumi. Wa tatu hapashi chombo kabla, wa nne hataki kabisa kusikia ndimu, wa tano huwaloweka kamba kwenye ndimu usiku kucha. Ajabu ni kwamba wanne wa kwanza huenda wote wanasema kweli, kila mmoja kwa kamba wake na kwa chombo chake. Wa tano ndiye wa kuepukwa, na sababu yake tutaifikia.

Mkanganyiko huu una chanzo kimoja. Namba unayoiona kwenye kioo cha eafraya ni joto la hewa, si joto la kamba. Kati ya hewa na nyama kuna maji, na hayo ndiyo yanayoamua kama utakula kamba waliobabuka vizuri au vipande vya mpira vilivyopakwa paprika.

Hewa ya nyuzi 200 si mafuta ya nyuzi 200

Jina la kikaangio cha hewa linapotosha, maana hapo hakuna kinachokaangwa. Eafraya ni tanuri dogo: koili ya umeme juu, feni inayosukuma hewa, na kikapu chenye matundu ili hewa ipite hadi chini ya chakula. Tangu Philips waitoe sokoni mwaka 2010, umbo limebadilika sana ila kazi ni ileile, kuoka kwa upepo.

Tofauti yake na karai la mafuta ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Unaweza kuingiza mkono kwenye tanuri la nyuzi 200 ukashika sinia kwa kitambaa na kutoka salama. Chovya kidole kwenye mafuta ya nyuzi 180 uone. Hewa hubeba joto kidogo na hulikabidhi polepole. Feni husaidia kwa kuondoa ile tabaka nyembamba ya unyevu na ubaridi inayoganda juu ya chakula, na hapo ndipo nguvu yote ya eafraya ilipo. Ukiwarundika kamba kikapuni, upepo hauna pa kupita. Feni itaunguruma vilevile, lakini kamba watakuwa wanachemka kwa mvuke wao wenyewe.

Kwa hiyo kamba hulala safu moja, wasigusane, au wagusane kidogo tu. Kikapu cha lita nne hubeba takriban kamba wakubwa 20. Nusu kilo ya kamba wadogo huenda ikahitaji mikupuo miwili, na mkupuo wa pili upunguzie dakika moja kwa sababu chombo tayari kimepata moto.

Hesabu ya maji

Gramu moja ya nyama ya kamba iliyotoka kwenye friji inahitaji jouli (kipimo cha nishati ya joto) 200 hivi ili ifike nyuzi 63, kiwango kinachotumika kuhesabu kuwa vyakula vya baharini vimeiva salama. Gramu moja ya maji inahitaji zaidi ya jouli 2,200 ili iwe mvuke. Ni zaidi ya mara kumi. Sasa chukua nusu kilo ya kamba waliooshwa na kuchujwa haraka haraka, wakiwa bado na vijiko viwili vya chakula vya maji, yaani gramu 30. Kukausha maji hayo peke yake kunakula joto ambalo lingeivisha zaidi ya gramu 300 za kamba.

Na maji yanapokuwa bado juu ya nyama, uso wake hauwezi kupanda zaidi ya nyuzi 100, hata hewa iwe na nyuzi 200. Ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuchomwa huhitaji uso ufike karibu nyuzi 140. Kwa hiyo kila kamba anayeingia eafraya ana mashindano mawili yanayokwenda kwa pamoja: nje inangoja ikauke ili ibabuke, ndani inapanda kuelekea kiwango cha kukakamaa. Kamba ni mdogo, ndani hapachukui muda. Ukiingiza kamba wenye maji, ndani hushinda kila mara. Unamtazama, bado amepauka, unaongeza dakika mbili, nyingine mbili, na mwisho unapata rangi huku nyama imeshakuwa kifutio.

Karibu kila ushauri wa maana kuhusu pishi hili ni njia ya kumsaidia wa nje amtangulie wa ndani. Kuwapangusa kamba kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni ndilo la kwanza, na wengi hulifanya nusunusu. Waweke juu ya kitambaa, wafunike kwa kingine, wabonyeze, wageuze, rudia hadi kitambaa kisilowe tena. Kuwaacha kwenye friji bila kifuniko kwa nusu saa baada ya kuwapangusa husaidia zaidi.

Kinachotokea ndani ya nyama

Zaidi ya robo tatu ya nyama ya kamba ni maji yaliyoshikwa na protini, na mafuta yake ni kidogo mno. Hakuna cha kuficha kosa, tofauti na paja la kuku. Karibu nyuzi 50 protini za kwanza huanza kuganda na nyama huacha kuwa kama kioo, ikawa nyeupe. Kuanzia nyuzi 65 hadi 70 kundi jingine la protini hujikaza na kukamua maji nje, kama unavyokamua nguo. Kati ya kuiva na kukamuliwa kuna nafasi finyu, na katika eafraya iliyopata moto nafasi hiyo hupita ndani ya dakika moja au moja na nusu.

Rangi isikudanganye. Ule wekundu wa machungwa unatokana na astazanthini, rangi ambayo kamba anayo tangu akiwa hai ila imefungwa na protini na kuonekana ya kijivu au samawati. Joto huifungua mapema, kabla katikati haijaiva. Alama nzuri zaidi ni mtaro wa mgongoni, pale ulipotoa utumbo: nyama ya ndani ya mtaro ikiwa nyeupe kama lulu, bila sehemu inayong'aa kama kioo, toa. Umbo nalo linasema. Kamba aliyeiva hujikunja kama herufi C. Aliyejifunga mviringo kamili, kichwa kikikutana na mkia, amepitiliza. Kipimo cha umbo hakifai kwa kamba waliochomwa kwenye vijiti wala waliopasuliwa katikati, kwa kuwa hao hawawezi kujikunja.

Kabla hujawasha chombo: kamba gani?

Nusu ya malalamiko kuhusu eafraya ni malalamiko dhidi ya kamba wenyewe.

Kamba wa kwenye pakiti huuzwa kwa hesabu ya wangapi wanatimiza ratili moja, yaani gramu 454. Ukiona 16/20 maana yake ni kamba 16 hadi 20 kwa ratili, kila mmoja gramu 23 hadi 28. Wale wa 31/40 wana gramu 11 hadi 15. Kwa eafraya nunua 16/20 au 21/25. Walio wadogo kuliko 41/50 wanaiva kabla hawajapata rangi yoyote, ufundi uwe wako au wa mpishi wa hoteli. Hao wapeleke kwenye wali au mchuzi. Na uduvi, bila shaka, haumo kabisa kwenye mazungumzo haya.

Soma pia orodha ya viambato. Ukiona fosfeti au E451, kamba wamelowekwa kwenye dawa inayoifanya nyama ishike maji ya ziada. Umelipia maji, na yatatoka kikapuni. Kamba wa namna hiyo hubabuka kwa shida na huwa na utelezi fulani mdomoni. E223 ni jambo jingine: huzuia vichwa na maganda kuwa meusi, haibadilishi upikaji, ila wenye pumu wanapaswa kuijua. Pakiti nzuri imeandikwa kamba na chumvi tu, au kamba peke yao.

Kwa anayenunua wabichi sokoni, iwe Feri ya Dar es Salaam au kwa wavuvi wa Malindi, la muhimu ni kichwa. Ndani yake kuna vimeng'enya vya kusaga chakula ambavyo, kamba akishakufa, huanza kusaga nyama iliyo jirani. Ndiyo maana kamba aliyekaa siku nzima na kichwa bila barafu ya kutosha huwa laini kama uji upande wa shingoni, na hakuna joto litakalomrudisha. Vunja vichwa mapema ukifika nyumbani. Madoa meusi kwenye ganda peke yake si uozo. Harufu ya amonia ndiyo uozo, na hapo hakuna ndimu wala masala ya kuokoa. Kilo moja ya kamba wazima ikishatolewa vichwa na maganda hukuachia nusu kilo hivi ya nyama, kwa hiyo panga bajeti mapema.

Waliogandishwa wayeyushe kwenye friji usiku mzima, au wafunge kwenye mfuko usioingiza maji na kuuzamisha kwenye maji baridi kwa dakika 20 hadi 30. Ukiwaacha juu ya meza, nje itaanza kuharibika huku ndani bado barafu. Inawezekana kuwapika wakiwa wameganda, nyuzi 200 kwa dakika saba hadi tisa, lakini viungo havishiki na kikapu hujaa maji. Ni njia ya siku ya shida.

Chumvi kwanza, viungo baadaye

Kosa la kawaida ni kuchanganya kila kitu kwenye bakuli moja na kuacha kwa saa mbili. Chumvi na viungo vina kazi tofauti na muda tofauti.

Kwa nusu kilo ya kamba waliomenywa weka robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, changanya, acha dakika 15 hadi 20 kwenye friji. Chumvi huyeyusha sehemu ya protini, na protini hiyo hushika maji vizuri zaidi wakati wa moto. Ukiongeza robo ya kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, nyama hupata ule mkatiko wa kamba wa mgahawa wa Kichina, na rangi huja haraka. Isiwe beking poda, ambayo ina asidi ndani yake, wala magadi, ambayo ni makali na yatakuachia ladha ya sabuni. Zidisha bikaboneti ikafika kijiko kizima na utakula kitu kinachoteleza. Baada ya hapo wapanguse tena, kwa sababu chumvi itakuwa imevuta maji juu.

Viungo huja dakika ya mwisho, pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Mafuta hapa si anasa. Ukali wa pilipili na rangi ya manjano huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Mafuta pia hubeba joto hadi kwenye mikunjo ambayo hewa haifiki, na huugundisha unga wa viungo usipeperushwe na feni. Anayejisifu kupika bila tone la mafuta hujikuta na vumbi la bizari kwenye koili na kamba wasio na ladha. Mchanganyiko unaokubali moto wa nyuzi 200 kwa nusu kilo: kijiko cha chai cha paprika, nusu ya bizari nyembamba iliyosagwa, nusu ya pilipili manga, robo ya manjano, robo tatu ya unga wa kitunguu saumu, pilipili ya unga kwa kadiri ya ujasiri wako, na nusu kijiko cha sukari kwa ajili ya rangi.

Angalia kilichokosekana: kitunguu saumu kibichi, tangawizi mbichi na ndimu. Si kwa bahati mbaya.

Vipande vya kitunguu saumu kibichi huungua na kuwa vichungu kabla kamba hajaiva. Vikaange taratibu kwenye samli pembeni, kisha wamwagie kamba wakishatoka. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, kama papai na nanasi. Kwa nyama ya ng'ombe ni msaada, kwa kamba nusu saa inatosha kufanya uso wake uwe kama uji. Ya unga iliyokaushwa haina makali hayo. Ndimu nayo hupika kwa asidi: protini za juu huganda na kuachia maji, kisha moto unakuja kuipika nyama mara ya pili. Dakika kumi si tatizo. Usiku kucha ni kamba mkavu kama chaki, na hapo ndipo yule mtu wa tano alipokosea. Kamulia ndimu mezani, harufu yake ndipo inapofaa zaidi.

Moto wenyewe

Pasha chombo kikiwa kitupu dakika tatu hadi tano kwenye nyuzi 200. Wanaosema si lazima wana hoja kwa kuku, anayekaa ndani dakika 25. Kwa kamba wa dakika tano, dakika tatu za mwanzo zikipotea kwenye chombo baridi ni zaidi ya nusu ya safari. Karatasi ya kuokea isiwekwe wakati huu. Bila uzito wa chakula, upepo huiinua hadi kwenye koili na kuiunguza.

Kamba wa 16/20 waliomenywa huchukua dakika tano hadi sita kwa nyuzi 200, wa 21/25 dakika nne na nusu hadi tano na nusu, wa 31/40 dakika nne hivi. Wenye maganda ongeza dakika moja hadi mbili. Wageuze mara moja katikati, kwa koleo na kwa haraka, maana kila ukivuta droo joto linashuka. Mara ya kwanza kwenye chombo kipya anza kuangalia dakika moja kabla, kwa sababu vipimajoto vya eafraya nyingi hukosea, na chombo cha wati 1,800 hakilingani na cha wati 1,000. Zile zenye umbo la kabati na trei huchelewa zaidi ya zile za droo.

Wakiiva, wamimine mara moja kwenye sahani pana. Ukiwaacha ndani ya droo eti wasipoe, chuma cha moto kinaendelea kuwapika.

Kamba waliokwisha kuchemshwa kiwandani, wale wanaouzwa wakiwa wekundu tayari, hawapikwi tena. Wape viungo na dakika mbili au tatu za kupasha. Hakuna mbinu ya kuwafanya kuwa laini kama wabichi.

Kwa umeme, kupasha na kupika mkupuo mmoja kwa chombo cha wati 1,500 ni robo uniti hivi. Hofu iwe kwenye waya: chombo hicho huvuta karibu ampea 6.5, kwa hiyo kichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni nyembamba inayolisha na friji.

Unga, nazi na mkaa

Uji wa unga, ule wa bajia, haufai. Kwenye mafuta huganda papo hapo, kwenye hewa hudondoka kupitia matundu kabla haujashika. Ukitaka ganda la kukatika, pitisha kamba kwenye unga mkavu, kisha yai, kisha chenga za mkate zilizochanganywa tayari na mafuta, vijiko viwili vya chakula kwa kikombe kimoja. Nyuzi 200, dakika saba au nane. Ukitumia nazi kavu ya kukuna, shusha hadi nyuzi 180, kwa sababu sukari iliyomo hugeuka makaa upesi.

Wapenzi wa kupaka wa pwani, lile pishi la tui na mkaa, wanaweza kuridhika, ila si kwa kumwaga tui kikapuni. Tui ni maji kwa sehemu kubwa, na hesabu ya maji mnaijua sasa. Chemsha tui zito pembeni na manjano, pilipili na ukwaju hadi lishike mgongo wa kijiko. Pika kamba mpaka ibaki dakika moja, wapake, warudishe, kisha mwagia lililobaki wakiwa sahanini. Kitakachokosekana ni moshi. Harufu ya mkaa hutoka pale majimaji na mafuta yanapodondokea makaa na kurudi juu kama moshi, na eafraya haina makaa. Paprika ya moshi husogeza kidogo, lakini anayekuahidi ladha ya jiko la Forodhani kutoka kwenye droo ya plastiki anakuuzia droo.

Kuhusu chombo: dawa za mafuta za kopo la kupuliza zenye lesithini huacha utando unaonata na kuharibu rangi ya kikapu kisichogandisha. Tumia brashi. Kikapu kioshwe kingali na uvuguvugu, kwa sifongo laini, kabla harufu haijahamia kwenye keki ya kesho.

Vichwa na maganda usivitupe. Vipange kikapuni na kijiko cha mafuta, nyuzi 180 kwa dakika nane hadi viwe vikavu na vinukie, kisha vichemshe kwenye lita moja ya maji kwa dakika 20 na kuchuja. Supu hiyo ndiyo ya kupikia wali wa kuwaandalia kamba.